Upande Ulioshinda

Jumamosi ile soko la Milwaukee lilijaa mpaka mtu anakanyagwa halafu anaomba radhi yeye. Theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka kutoka kwenye viatu na kulowesha sakafu. Samaki wa moshi walinukia upande huu, kahawa upande ule, na katikati, nyuma ya kabati la kioo, Corinne Gapinski alikuwa anaandika jina juu ya keki ya mtoto. Alipofika herufi ya tatu, mkono ukaruka.

Kidogo tu. Mstari wa krimu ukachomoka pembeni kama mkia wa panya. Mwingine angesema amechoka, yakaisha. Corinne aliuweka mfuko wa krimu mezani. Akautazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Usiifute," sauti ikasema. "Hiyo ni nyota yenye mkia. Mtoto ataipenda."

Alikuwa mwanamume mweusi, mrefu, wa miaka arobaini hivi, koti zuri la sufu, na tai ya njano yenye picha za bata. Corinne hakuwahi kuona tai mbaya kama ile.

"Kaka, umekuja kununua au kunifundisha kazi?"

"Yote mawili. Mimi ni mwalimu. Nataka keki ya watu arobaini, iandikwe 'Imepita'."

"Nini kimepita? Baridi?"

"Bajeti ya serikali kuu."

Corinne akacheka, na hofu ikalegea kidogo. Mwanamume akaeleza. Jina lake Lamont Bridgeforth, anafundisha uraia sekondari moja upande wa kaskazini. Kila mwaka wanafunzi wake wanageuka Bunge kwa wiki mbili. Wanaandika miswada, wanagombana kwenye kamati, wanagawana fedha zisizotosha. Wakipitisha bajeti kabla ya kengele ya mwisho ya Ijumaa ya pili, wanakula keki. Wasipopitisha, serikali imefungwa, na keki wanakula walimu wa hesabu.

"Wamefanikiwa mara ngapi?"

"Miaka tisa, mara nne. Walimu wa hesabu wamenenepa sana."

"Haya. Keki ya lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano! Leo Machi, bwana. Keki yako itaota ndevu."

"Nilitaka kuwahi," Lamont akasema, akiangalia bata wake. "Na nilitaka sababu ya kurudi kuulizia."

Alirudi kuulizia Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Baadaye ikawa simu.

"Bibie wa krimu, unafanya nini?"

"Naosha mabakuli. Na wewe, mheshimiwa?"

"Nasahihisha mitihani. Mtoto mmoja ameandika Seneti ni ugonjwa wa ngozi."

"Mpe alama zote, mpenzi. Amesema kweli."

Ijumaa moja ya Aprili walikuwa wanakula samaki wa kukaanga na viazi kwenye baa ya jirani. Corinne alivaa gauni la kijani la mikono mirefu na kuzisuka nywele zake nyekundu. Lamont alimwuliza kwa utani, "Mbona kikombe unakishika kwa mikono miwili kila siku? Unaogopa nitakiiba?"

Corinne hakucheka. Alimwambia. Baba yake alikuwa fundi wa saa. Alipofika miaka arobaini mikono ilianza kuruka, kisha miguu, kisha akili. Alikufa hajui jina la mtoto wake. Ugonjwa wa kurithi, hauna tiba, na mtoto wa mgonjwa anaupata nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Corinne ana miaka thelathini na minne. Damu alishatoa, majibu yako kliniki tangu Agosti. Hayatolewi kwa simu, lazima uende mwenyewe. Hakwenda.

"Nashika kwa mikono miwili ili mtu asione kama mkono unatikisika," akasema. "Hata mimi nisione. Hujui nilivyo na hofu, Lamont. Naamka nayo, nalala nayo. Na hili hajui mtu mwingine duniani."

Lamont akaifunika mikono ya Corinne kwa yake. Kisha akamsogezea sahani yake ya viazi, na Corinne alimpenda kwa sababu hiyo.

Mwezi wa tano ukafika. Jumatatu ya mjadala wa kwanza Lamont alimwalika aje kutazama. Corinne akaketi nyuma ya maktaba ya shule, akiwatazama watoto arobaini waliovaa tai za baba zao na viatu vya mama zao. Kila mbunge alikuwa na kadi yenye habari za mtu mmoja wa jimbo lake, maana Lamont aligundua zamani kwamba mtoto halilii tarakimu. Yeye mwenyewe alikuwa karani, anasoma kanuni na kuhesabu kura.

Binti mmoja, Yesenia Ocampo, mdogo wa umbo, mwenye miwani na sauti ya kondakta, alisimama na hoja ya kufuta kipengele cha utafiti wa magonjwa adimu. Fedha ziende kwenye chakula cha watoto mashuleni.

"Napinga!" akasema Trevon, kijana mnene mwenye suti ya kubana. "Mheshimiwa anataka kumwua mtu wangu. Sikilizeni kadi yangu. 'Mwanamke, miaka thelathini na minne, fundi cherehani. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa kurithi. Yeye bado hajui kama anao. Hushika kikombe kwa mikono miwili ili mtu asione kama mkono unatikisika.'"

Maktaba ilikuwa na joto, lakini Corinne aliganda.

"Namwonea huruma," Yesenia akajibu. "Lakini huyo ni mmoja. Watoto wenye njaa ni milioni ngapi? Na dawa yenyewe haipo. Huyo tayari ameshakwenda, tunamlipia nini?"

Wachache wakaguna. Spika, msichana mwenye shali, akagonga meza. Kura zikapigwa. Ishirini na mbili kwa kumi na nane. Kipengele kimefutwa.

Lamont aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akaona kiti cha nyuma kitupu.

Simu yake ilipokelewa jioni, baada ya mara ya saba.

"Umeniweka kwenye kadi."

"Corinne, sikuandika jina. Niliweka cherehani..."

"Ukaacha kikombe! Nilikupa kitu kimoja, Lamont. Kimoja. Umewapa watoto wakakipigia kura."

"Niliogopa. Nikikaa peke yangu siwezi kukusaidia chochote. Nilitaka angalau mahali pamoja watu wanyooshe mikono waseme ndiyo, apewe. Hata kama ni mchezo."

"Wamesema hapana. Na mimi nasema hapana. Tumemaliza."

Lamont akasema polepole, "Sawa. Kwa kanuni zetu za Bunge, mimi siruhusiwi kulirudisha jambo hili."

Corinne akakata simu. Kanuni! Mtu anaachwa, anataja kanuni, kama jiwe. Alilia mpaka macho yakavimba.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kijiko kilimponyoka, akasimama dakika nzima akikitazama sakafuni. Alisahau jina la mteja wa siku zote, alipolikumbuka akaliandika kiganjani. Kila alipofumba macho alimsikia yule binti: tayari ameshakwenda.

Lakini keki ilikuwa imelipiwa, na Corinne hakuwa mtu wa kula fedha ya mtu. Ijumaa ya pili alivaa suruali ya kazi na sweta la zamani, akaandika "Imepita" bila kosa, akaibeba mpaka mlango wa maktaba. Alitaka kuitua akimbie. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini kabla ya kengele. Ndani kelele, bajeti imekwama.

Yesenia alikuwa amesimama. Mkononi ameshika kadi ya Trevon.

"Naomba kura ya kipengele cha utafiti irudiwe."

"Wewe?" Trevon akaruka. "Ulishinda wewe! Mimi nimeomba tangu Jumanne, nimekataliwa!"

"Karani atusomee kanuni," akasema Spika.

Lamont alisimama. Alikuwa amekonda, na hakuvaa bata. "Aliyeshindwa haruhusiwi kuomba kura irudiwe. Angeomba kila siku, na Bunge lisingelala. Anayeruhusiwa ni aliyekuwa upande ulioshinda. Huyo peke yake." Akaikunja karatasi ya kanuni. "Mwingine anasubiri tu."

Corinne aliegemea mlango. Karibu wiki mbili alidhani ameambiwa neno la jiwe. Kumbe aliambiwa: mlango uko kwako.

"Nilisema dawa haipo," Yesenia alikuwa anasema, miwani ikiteleza puani. "Usiku nikawaza, haipo kwa sababu kila mwaka kuna mtu kama mimi. Naomba tukirudishe kwa nusu, fedha tuzitoe kwenye barabara. Barabara za jimbo langu, msinipigie kelele. Chakula kibaki."

Ishirini na moja kwa kumi na tisa. Dakika tano baadaye bajeti nzima ikapita, kengele ikalia, Corinne akaitua keki mezani, na watoto wakaivamia hata kisu hakijafika.

Lamont akamwona.

"Karani," Corinne akasema, akitetemeka mwili mzima, wala hakuuficha. "Kura yetu ile. Mimi nilikuwa upande ulioshinda."

"Nasikiliza, mheshimiwa."

"Nilichokupa hukupaswa kukitoa. Hata kwa mapenzi."

"Nilikosea. Sitarudia."

"Alhamisi saa nne asubuhi nakwenda kliniki. Njoo na mimi. Vaa ile tai mbaya, nipate kitu cha kuchekea."

Alhamisi waliketi kwenye ukumbi wa kliniki, viti vya bluu, ukuta mweupe, mlango mmoja. Corinne alivaa lile gauni la kijani. Lamont alivaa bata.

"Naogopa," Corinne akanong'ona. "Naogopa mpaka meno yanauma."

"Mimi nimeogopa mpaka nimesahau nimeegesha gari wapi."

Corinne akacheka, karibu alie. Kisha akamgeukia. "Nina hoja. Inabidi ipigiwe kura kabla mlango haujafunguliwa, maana baadaye sitajua kama umesema ndiyo kwa huruma."

"Isome."

"Tuoane. Majibu yawe yoyote."

"Naunga mkono," Lamont akasema kabla hajamaliza. "Wanaoafiki?"

Wakanyoosha mikono pamoja, kisha wakaishusha, wakaishikanisha juu ya goti la Corinne. Ilikuwa inatikisika. Corinne aliitazama, mara hii bila kukwepa, na hakuweza kujua ni upi ulioanza.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akaita jina lake, wakasimama wote wawili.