Mgeni wa Sensa

Kidoti alirudi kutoka shuleni analia. Mwalimu kaita majina ya darasa zima, la kwake kalipita kama halipo. Alipoinua mkono, mwalimu alimtazama, akatazama daftari la mahudhurio, kisha akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Mwalimu kachoka tu," alisema mama yake huku akipakua chakula. "Darasa lenyewe limejaa mpaka dirishani. Njoo ule."

Nyumba ile ilikuwa na watu wanne: mama huyo, mumewe, Kidoti wa miaka saba, na Shangazi, dada wa marehemu baba mkwe, aliyeishi chumba cha nyuma. Mama akaweka sahani nne mezani, na bado Kidoti akasimama mikono mitupu. Sahani ya nne ilikuwa mbele ya kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekikalia.

"Na mimi je?"

"Ala! Nina nini leo mimi?" Mama akacheka, akarudi jikoni kuchukua nyingine.

Mumewe hakucheka. Upande wa kile kiti ilitoka harufu ya karatasi iliyolowa, ikakauka, ikalowa tena, na harufu hiyo aliijua kuliko harufu ya shati lake mwenyewe. Alikula matonge mawili akasema ameshiba.

Ofisini walimwita Miwani, maana bila miwani alikuwa anasalimia nguzo. Alitunza chumba cha kumbukumbu cha ofisi ya usajili: vitabu vya vizazi, vya ndoa, vya vifo, na makaratasi ya sensa za zamani yaliyofungwa kwa kamba. Watu walimjia kutafuta mababu zao naye aliwapatia, tena kwa furaha kama anawatafutia wake. Mtu mwema, sikatai. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona pengo kwenye karatasi akaliacha. Mahali patupu palimkosesha usingizi.

Wiki chache kabla ya siku ile ya sahani, Kidoti alimuuliza baba yake babu wa babu yake alikuwa nani. Miwani akaona aibu. Yaani anawajua mababu wa mji mzima, wa kwake hamjui! Basi akaanza kwa njia anayowafundisha wateja wake. Alichukua cheti chake cha kuzaliwa, kikampeleka kwa baba, cha baba kikampeleka kwa babu, na vitabu vilipokwisha akafungua sensa.

Sensa ina sharti lake, la zamani na la leo. Karani huandika kila aliyelala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, awe mwenyeji awe mgeni, na mbele ya kila mtu huandika uhusiano wake na mkuu wa kaya. Mke. Mtoto. Mpwa. Miwani akaipata kaya ya babu wa baba yake, katika nyumba ileile wanayoishi hadi leo, ambayo wameibadilisha bati tu. Mstari wa mwisho ulisomeka: Mgeni, mwanamume, umri haujulikani. Uhusiano, hakuna kitu.

Sensa iliyofuata, mgeni yupo. Ya baada ya hiyo, mgeni yupo, umri haujulikani, uhusiano mtupu. Na kila mara kulikuwa na mtoto mdogo aliyeandikwa kwenye kitabu cha vizazi, lakini katika waliolala hayumo, na kwenye kitabu cha vifo hayumo vilevile. Wenye kazi hiyo wakiona hivyo hawashtuki. Mtoto alilala kwa bibi yake, yameisha. Miwani naye hakushtuka. Alimhurumia mgeni. Alimwona ni ndugu fukara fulani ambaye watu walimlisha lakini wakaona haya kumkubali. Akachukua penseli, yeye ambaye huwagombeza watu kwa kushika karatasi hizo na vidole vyenye mafuta, akaandika kwenye lile pengo: wa nyumbani.

Jioni ile, akiwa anavua viatu, alisikia mtu anasafisha koo kwenye ukumbi wa nyumba yake. Akadhani ni redio ya jirani.

Baada ya kisa cha sahani mambo yakaenda kasi. Mkewe alinunua sabuni, mswaki na kandambili za kiume za namba ambayo hakuna anayevaa, na alipoulizwa akasema, "Si za..." akajishika paji la uso. Nguo za Kidoti alizisahau kwenye maji siku mbili. Alfajiri kandambili zile zikawa zinasikika ukumbini, taratibu, zikisimama mlangoni kwa Kidoti, zikisimama kwa muda mrefu, na asubuhi shuka la mtoto linakutwa na unyevu na ile harufu, naye Kidoti mwenyewe amejikunja kwenye kona ya kitanda kama mtu aliyeambiwa asogee.

"Baba," alinong'ona, "kuna mtu ananiambia nimemkalia mahali pake."

Miwani alimbeba mtoto hadi kwa mama yake, akamkuta anatandika godoro sebuleni.

"Unamtandikia nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mgeni."

"Mgeni gani, mke wangu?"

Mkewe alimtazama yeye, akamtazama mtoto, na kwa muda Miwani aliona wazi kwamba mkewe anatafuta jina la binti yake na halipati. Kisha akalipata, akalia, wakalia wote watatu pale kwenye godoro bila kuambiana sababu.

Mchana ule alikwenda ofisini mbio, akafungua kitabu cha vizazi mahali alipoandikwa Kidoti. Mistari ya juu na ya chini ilikuwa myeusi. Wa Kidoti ulikuwa umepauka, inabidi uinamishe kitabu kwenye mwanga ndiyo usome. Akaichukua karatasi ya sensa na ufutio. Maneno aliyoyaandika kwa penseli yalikuwa yamekuwa wino. Alisugua mpaka karatasi ikachanika, na kwenye karatasi ya chini yake maneno yalikuwepo yaleyale, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jioni akaenda kupiga magoti chumba cha nyuma, akamweleza Shangazi yote. Shangazi hakupiga kelele. Aliinuka, akafunga mlango, akaweka kigoda nyuma yake.

"Sema polepole," alisema. "Anasikia. Nilikuwa na mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Usiku wa sensa nililala kwa jirani nikahesabiwa huko, homa ilikuwa imenibana nikashindwa kutembea. Asubuhi narudi, namkuta mdogo wangu amekaa nje mlangoni. Mama anamwambia, nenda kwenu mtoto wee. Mama yake mzazi! Ndani kuna mtu amekaa kwenye mkeka anakunywa uji."

"Hukumwambia mama?"

"Nilipigwa, baba. Nikaambiwa nina wazimu wa homa. Waliolala ndani wote walikuwa wamemsahau. Mimi niliyelala nje ndiye niliyemkumbuka. Alikuja kila jioni kusimama pale nje, anaita mama, anafukuzwa, mpaka siku moja hakuja tena." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyo si mtu. Ni jini la nyumba, halina asili, linataka asili ya wenzake. Hii nyumba ina nafasi zake, wewe huoni? Likihesabiwa lenyewe, mmoja anatoka. Huanza na mdogo kwa sababu mdogo hawezi kujitetea."

"Lilikuja likaondoka. Kwa nini?"

"Halikuwahi kuitwa wa nyumbani. Mgeni hukaa kidogo akaenda. Wewe umelikaribisha moja kwa moja."

Miwani alishika kichwa kwa mikono miwili. Sensa ilikuwa kesho. Karani alikuwa ameshapita kuandika namba ya nyumba mlangoni kwa chaki.

"Nitatoka mimi," alisema Shangazi. "Nimekula chumvi nyingi, nimeshiba dunia. Nikalale mahali nisipohesabiwa, nafasi yangu ilichukue, mtoto abaki."

"Hapana, Shangazi. Wewe umeshakaa nje mara moja. Mimi ndiye niliyeandika."

"Utasahaulika, mwanangu. Hata na mimi, nikilala humu, nitakusahau."

"Mimi si mtoto mdogo. Mimi nina vyeti."

Mungu wangu, mwanamume huyu! Hata pale bado alikuwa na imani na karatasi. Alitia kwenye bahasha cheti chake cha kuzaliwa, cha ndoa na cha Kidoti ambacho jina lake yeye limo kama baba. Aliwaza kwamba yule mtoto wa zamani alifukuzwa kwa kuwa hakuwa na ushahidi mkononi. Yeye angegonga mlango asubuhi, angetandaza vyeti mezani, na mke wake anayejua kusoma angesoma.

Miwani yake tu hakuiona. Aliiweka mezani, akageuka, haipo. Kidoti aliitafuta chini ya viti na nyuma ya redio, wapi. Basi akambusu mtoto kwenye kile kidoti cha shavuni kilichompa jina, akamwambia analala kazini leo, akamkumbatia mkewe muda mrefu mpaka mkewe akamcheka.

"Unaenda vitani au ofisini?"

"Ofisini," alisema, akatoka akipapasa ukuta.

Alilala juu ya benchi la chumba cha kumbukumbu, mahali ambapo hakuna karani wa sensa anayefika, maana hapahesabiwi kuwa nyumba ya mtu. Hakupata lepe la usingizi. Kulipokucha alifungua kitabu cha vizazi, akakisogeza mpaka puani ili aone bila miwani, na mstari wa Kidoti ulikuwa umekolea, mweusi tii kama umeandikwa jana. Akalia kwa furaha. Nasema kwa furaha, na nani angemcheka? Mtoto wake yupo.

Alifika nyumbani jua limepanda. Karani wa sensa alikuwa anatoka mlangoni, anafunga begi lake.

"Nyumba hii umemaliza?"

"Tayari. Watu wanne," alisema karani, akapita zake.

Miwani akagonga. Mkewe alifungua, uso mweupe wa asubuhi, kitambaa kichwani, akamtazama kwa ile adabu ambayo watu huwawekea wasiowajua.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

Alikuwa amejiandaa kwa hilo, akadhani amejiandaa. Akatoa bahasha, akampa vyeti kimoja kimoja. Mkewe alivisoma kwa makini, vyote vitatu, akakunja uso.

"Hivi ni vya mume wangu," alisema. "Umevipata wapi, wewe?"

"Mke wangu, mume ni mimi. Tafadhali. Nitazame."

"Baba Kidoti!" aliita kwa hofu, akirudi nyuma. "Hebu njoo! Kuna mtu hapa ana vyeti vyako!"

Kandambili zikasikika ukumbini, taratibu. Alitoka mwanamume amevaa shati la Miwani na miwani ya Miwani, na uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso ambao ukiutazama ukageuka hukumbuki ulikuwaje. Nyuma yake Shangazi alichungulia, akasema, "Maskini, kijana wa watu," akarudi chumbani kwake.

Yule mwanamume alivipokea vyeti kutoka kwa mama, akavipanga vizuri, akavitia mfukoni.

"Ahsante, mgeni, kwa kuturudishia," alisema, kwa sauti ya Miwani. "Bila hivi ningepata tabu."

Mlango ukafungwa. Miwani alibaki amesimama karibu na ile namba ya chaki. Aliinua mkono kufuta machozi, na kwenye mkono wa shati lake akasikia harufu ya karatasi iliyolowa, ikakauka, ikalowa tena. Akajinusa kifuani. Ilikuwa imemjaa mwili mzima.

Pazia la dirisha la sebuleni likasogea. Kidoti alikuwa amekaa kwenye kile kiti, kinywa kimejaa mkate, anamtazama.

"Mama," alisema, "yule mtu bado yupo. Analia."

"Usimtazame, mwanangu," alijibu mama yake. "Funga dirisha, ataenda kwao."