Kisu Hakiendi Bila Moto

Kwetu jirani hanyimwi vitu viwili: moto na kisu. Kila asubuhi Shitaye hupiga hodi, "Mama Bogalech, kisu!" Nami humpa, akakate majani ya mgomba.

Mgomba wetu hauzai ndizi. Tunakula shina lake na kiazi chake cha chini, na nyuzi zake tunasuka kamba. Mmoja, pale kona ya uzio, ni wa uzao alioleta mama yangu alipoolewa. Kiazi chake kikichemshwa kina utamu wa maziwa. Binti yangu Bogalech anafanya kazi Addis Ababa. Kila mwaka salamu zake ni zilezile: "Mama, sikukuu ya Meskel naja. Niwekee wa bibi."

Mwaka mmoja migomba ilianza kunyauka. Jani la katikati linakuwa njano, linalala. Nikasema ni fuko anakula mizizi.

"Fuko gani?" Shitaye akasema. "Hilo jicho la mtu. Hata kwangu limefika."

Akaja Amarech, binti wa kijiji cha pili, mtafiti wa migomba. Alikata kikonyo cha jani. Ukatoka ute wa njano.

"Bibi, hivi ni vijidudu. Havina dawa. Kisu hiki kimekata kwa nani?"

"Kwangu. Kwa Shitaye. Kwa wifi zake wote."

"Basi ndicho kinachobeba ugonjwa."

Shitaye akaja juu. "Kisu kina miguu?"

"Miguu ni yako, shangazi."

Nikacheka, lakini kicheko kilinikaukia mdomoni. Amarech alituonyesha la kufanya. Migomba iliyougua tuing'oe na viazi vyake, tuifukie kwenye shimo refu, ng'ombe wasiifikie. Kisu tukichome motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Tuling'oa. Ukabaki wa mama peke yake, mzima, urefu wa mtu.

"Ukiuacha hapa utaugua," Amarech akasema. "Kiazi chake kizikwe kule juu, penye udongo safi. Kitatoa watoto."

"Mwanangu anakuja kukila."

Uamuzi ulikuwa wangu.

Nilichoma kisu. Nikakata shina, nikatoa moyo wa kiazi ili kichipue pembeni, kama alivyonifundisha mama, nikakifukia kule juu.

Bogalech alifika na vumbi la safari. Akafunua chungu. Kabeji.

"Mama, wa bibi uko wapi?"

Nikampeleka kwenye tuta la udongo, nikamweleza yote. Akachuchumaa, akaweka kiganja pale.

"Nimetoka kote huko nije kula udongo?"

Tukacheka. Macho yake yalikuwa na maji. Sikukuu ikaisha, akarudi mjini.

Mvua ziliponyesha, machipukizi yakatoka, mengi, yamesongamana kama vifaranga. Mengine nilimpa Shitaye. Mpaka leo hakuna lililonyauka, kwangu wala kwake.

Bado anapiga hodi, "Mama Bogalech, kisu!" Nami bado simnyimi. Nakitoa pamoja na kaa la moto kwenye kigae.

"Siku hizi unanipa vyote viwili," hunitania.

Juzi Bogalech alipiga simu.

"Mama, wa bibi umefika wapi?"

"Magotini."

"Na mwakani?"

"Kiunoni. Njoo ujipime nao."