Ahamishiwe Wapi?

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi nguo za wateja, binti yake anashona vifungo. Binti huyo walimwita Chiriku kwa domo lake, lakini wiki hiyo alikuwa kimya, hata redio aliizima.

"Mama, shuleni siendi tena."

"Makubwa! Kisa?"

"Mwalimu wa hesabu ananibakiza darasani peke yangu. Ananishikashika. Kasema nikimwambia mtu, atanifelisha."

Fundi nusura apige ukelele. Akajikaza, akaweka pasi chini, akamkumbatia. "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Kosa si lako hata chembe."

Baba mtu aliporudi kutoka kazini na kusikia, alikasirika sana. Lakini aliona aibu pia.

"Nitamwambia mkuu wa shule amhamishe tu, yaishe," alisema. "Tukienda polisi, mtoto atasemwa mtaa mzima."

Jirani yao, afisa wa ustawi wa jamii, alikuwa amefuata gauni lake.

"Shemeji, ahamishiwe wapi? Huko hakuna watoto?"

Baba akavuta kiti, akaketi.

"Twendeni polisi, kwenye dawati la watoto," jirani aliendelea. "Jina la mtoto litafichwa. Msimhojihoji nyumbani, wala asikutanishwe na mwalimu. Idara ya elimu nayo ijue, ifuatilie alikotoka, asipate kazi shule nyingine."

Kesho yake walikwenda wote. Chiriku alieleza taratibu kwa askari wa kike, mama yake kando. Mwalimu akasimamishwa kazi, uchunguzi ukaanza. Kumbe shule aliyotoka, wazazi nao waliomba ahamishwe tu! Jamani, watu wazima wanahamisha fisi zizi hadi zizi, kisha wanajipongeza.

Sasa kesi iko mahakamani. Shuleni, mwalimu haruhusiwi kujifungia na mwanafunzi, na kila mtoto anajua wa kumwambia.

Juzi jirani alipita kwa fundi, akamwita Chiriku.

"Nina salamu zako. Mama mmoja wa ile shule alikotoka mwalimu hakujui, wala hataambiwa jina lako. Lakini kaniomba sana nikufikishie asante. Binti yake naye alisema zamani, watu wakamwita mwongo."

Chiriku alimtazama. "Na sasa wanamwamini?"

"Sasa wanamwamini."