Tumbo la Afande

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maswali alifagia kibaraza ambapo bibi yake alishonea nguo, kisha akampelekea maji mbwa wao, Afande. Juma lile alikuwa na kazi ya ziada ya kumuuguza. Afande alikuwa amemeza kitambaa kilichoanguka chini ya cherehani, utumbo ukaziba, na daktari wa mifugo akampasua ili kukitoa.

Daktari huyo, mama asiye na maneno mengi, alimweleza Maswali kwamba kupasua ni nusu ya kazi tu. Utumbo ulioshonwa unaweza kuvuja, na uchafu wake ukimwagika tumboni, mbwa hufa. Akamfundisha kugusa tumbo taratibu na kutazama rangi ya ufizi. Maswali, ambaye hakupewa jina hilo bure, alimuuliza hili na lile mpaka daktari akacheka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Afande alikula chakula chake laini na kutikisa mkia. Lakini asubuhi moja hakuinuka. Alikuwa ametapika, ufizi wake umepauka, na Maswali alipomgusa tumbo alilikuta gumu. Mbwa akalia kwa maumivu.

Bibi, aliyekuwa akiharakisha gauni la mteja, alisema huo ni uchovu wa dawa tu, wangoje hadi jioni. Maswali hakuzoea kumpinga bibi yake.

"Bibi, nisamehe," alisema, "lakini jana tumbo hili lilikuwa laini. Njoo uliguse mwenyewe."

Bibi alikuja, akagusa. Kisha akaliacha gauni na kwenda kutafuta shuka la kumbebea mbwa.

Mchana ule daktari alimfungua Afande tena. Mshono mmoja wa utumbo ulikuwa umeachia. Aliosha tumbo lote, akashona upya. Alipotoka, aliwaambia kwamba mgonjwa bado ana kazi ya kupona, ila yu hai. Wangengoja hadi jioni, wangemkosa.

Afande alipona polepole. Siku ya kutolewa nyuzi, Bibi alimshika Maswali bega mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri na wanyama wao.

"Mimi nilimwona mbwa amelala tu," alisema. "Mjukuu wangu alitazama kwa makini, tena akasema kweli kwa adabu, ingawa mimi mkubwa nilikuwa nimeshaamua. Kumheshimu mkubwa si kumwacha akosee."

Maswali alishika kamba ya Afande, wakatoka mlangoni, kila mmoja kichwa juu.