Chupa za Masele

"Masele yupi huyo aliyepima maji?" Modesta alimuuliza mumewe. Alikuwa hata hajatua kikapu cha safari. "Nimeambiwa njiani: umesimama mbele ya mkutano, Baba Odeta, ukasema Masele alikuja juzi akakuta maji ni safi!"

"Punguza sauti. Nilisema hivyo ili watu watulie."

"Natoka Nyegezi sasa hivi. Nimemkuta mjane wake yuko kwenye nguo nyeusi. Masele wamemzika tangu masika!"

Mumewe, Nkwabi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima. Masele alikuwa bwana afya, mzee wa nywele nyeupe. Zamani alipita huku kwetu Ilemela na chupa zake ndogo za kioo, akachota maji ya pampu akaenda kuyapima. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, na hakuja mwingine. Kisha wapangaji wakachimba choo mlimani, juu kidogo ya kisima. Maji yakaanza kunuka. Watoto wakaanza kuharisha.

"Nikifunga pampu, watu watakunywa nini?" Nkwabi alisema. "Na mimi watanicheka."

"Wakucheke! Mtoto wako humwoni?"

Odeta, binti yao wa miaka minne, alikuwa amejilaza mkekani, midomo imemkauka. Hata kulia alikuwa ameacha.

"Mbebe umpeleke zahanati," Modesta alisema. "Kama wewe unaona haya kuwaambia watu, nitawaambia mimi."

Akatoka. Jua lilikuwa bado kali, la kuchoma mawe.

Nyumba ya kwanza, Mama Malimi alikuwa uani akimwaga ndoo nzima ya maji.

"Tumeshaambiwa, shoga. Masele amepita."

Modesta alisimama. "Masele yupi?"

"Si yule yule wa chupa! Ila leo ana maringo, hata salamu hakuitikia. Kasema tu, mwageni."

Modesta akageuka, akaenda.

Nyumba ya pili, ndoo zimefudikizwa. Ya tatu, zimefudikizwa. Na kila kizingiti kilikuwa na chupa ndogo ya kioo, imejaa maji, imefungwa vizuri. Aliinama akagusa moja. Ilikuwa baridi. Jua lote lile, na chupa ni baridi kama udongo wa chini.

Ndani ya maji kulikuwa na unywele mmoja mweupe.

Akaanza kukimbia. Mtaa ulikuwa kimya. Hakuna kuku. Hakuna mtoto. Maji tu, yakimwagika nyuma ya kuta.

Nyumba ya mwisho, alipozunguka kurudi kwake, ilikuwa ya Tereza, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alibisha. Mlango ukafunguka nusu.

"Tereza. Amefika hapa?"

"Amefika."

"Na kwangu? Kwangu ameingia?"

Tereza alishika mlango kwa mikono miwili. Alinong'ona, macho yakitazama chini.

"Nilimuuliza, Mama Odeta, mbona kwa mwenyekiti huingii. Akasema, kule nimechelewa."