Jina la Kuazima

Jua lilikuwa likizama Ihumwa, na ukanda mmoja tu wa makaburi ulikuwa umebaki. Kesho makaburi yangefukuliwa, na tingatinga la barabara lingepita hapo. Kila marehemu alitakiwa kuhamishwa kwa jina lake.

Octavian alisukuma rada, kigari chenye antena nyingi zilizopangwa safu moja. Zilipeleka mawimbi ardhini kwa pamoja, na kioo kikachora kilichofukiwa. Yasinta, mpimaji mwenzake, alitangulia akiondoa miiba. Bibi Dorkasi, mwenyeji wao, alitaja jina la kila kaburi, Octavian akaliandika kwenye mashine hiyo. La kwanza lilikuwa la Dorkasi. Octavian alidhani ni somo wake.

Kwenye kioo, la mwisho lilikuwa tupu.

"Liache bila jina, mjukuu wangu," Bibi alinong'ona. "Likipewa, linachukua."

Lakini mashine ilikataa kuhifadhi pasipo jina.

"Naazima lako, Yasinta."

"Andika lako."

"Langu refu."

"Mvivu wewe. Mwezi ujao naolewa, usinitie nuksi."

Octavian akaandika jina lake: Yasinta.

Harufu ya udongo mbichi ikapanda, na mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili. Octavian akainua macho. Viatu vya Yasinta vilikuwa vimesimama kwenye majani makavu.

Vitupu.

Akarudisha rada juu ya kaburi lile tupu. Kioo kikachora magoti yaliyokunjwa. Kisha mkono.

Mkono ukasogea.

Ngo... ngo... ngo...

Chini ya nyayo zake.

Alichimba kwa kucha mpaka zikatoka damu. Ardhi ilikuwa kama saruji. Akafuta jina. Likarudi.

"Halifutiki," alisema Bibi. "Hubadilishwa tu. Mtu kwa mtu."

Octavian hakusita. Akaandika Dorkasi. Mashine ikakataa: jina hilo lina kaburi lake tayari.

"Nilikutajia mwenyewe," Bibi alisema taratibu. "Hukusikiliza."

Alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Likabaki lake. Akabonyeza O.

Ngo zikanyamaza. Chini, mtu alikuwa akingoja.

Octavian akaifuta ile O.

Ngo zilianza upya, na zilimfuata mpaka kwenye gari.

Asubuhi dereva wa tingatinga alimuuliza, "Na hapa, kaka?"

"Patupu. Pita."

Siku hizi, akipima Gulwe au Kongwa, antena ya pembeni huchora magoti yaliyokunjwa. Na mahali pa jina, kabla hajagusa kitu, pamekwisha andikwa. Mwanzoni ilikuwa O peke yake.

Jana ilifika Octavia.