Bonge Anasema Tunguu

Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne alikuwa amepungua gramu mia tisa katika miezi miwili. Ndani ya nyumba nzima mtu mmoja tu alijua sababu, naye alikuwa dada yake wa miaka kumi na mmoja. Alijua, akanyamaza.

Hata jina lilikuwa halimfai tena. Alipozaliwa alikuwa na mashavu yaliyokaribia kuziba macho. Baba yake alimtazama akasema, "Hili si toto, hili ni bonge," na Bonge likabaki ndilo jina lake. Dada yake naye alikuwa na lake. Aliitwa Mkaguzi, na jina hilo alilipatia mezani.

Jioni za nyumba ile zilifanana. Baba, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, alirudi saa kumi na mbili na kunawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa mshonaji, na meza ya kulia ndiyo ilikuwa meza yake ya kukatia vitambaa. Kabla sahani hazijawekwa, nyuzi zilipanguswa na sindano zikahesabiwa, isije moja ikaingia kwenye chakula. Bibi, mama yake baba, alikaa kwenye kiti chenye mto. Mkaguzi alimpakata Bonge.

Hapo ukaguzi ulianza. Msichana aliinamia sahani, akanusa, akainua kiazi kwa ncha ya kijiko na kuchungulia chini yake.

"Tulieni jamani," baba alisema. "Mkaguzi hajagonga muhuri."

"Kina kitunguu," Mkaguzi alisema. Akaisukuma sahani kwa mgongo wa mkono.

"Nimekisaga, mwanangu. Hata hukioni," mama alisema.

"Nasikia harufu."

"Haya, kunywa chai na mkate. Siwezi kukuacha ulale na njaa."

Jambo hili lilikuwa na miaka mitano. Alipokuwa na miaka sita, Mkaguzi alitafuna kipande cha kitunguu kibichi akidhani ni figili, akatapika. Mama alimwonea huruma, akampa chai na mkate. Kesho yake alisema tena chakula kina kitunguu, akapewa tena chai na mkate. Tangu siku hiyo kila asichokipenda kilikuwa na kitunguu: maharage, mboga za majani, samaki. Hata yai la kuchemsha lilikuwa nacho.

"Yai, Mkaguzi?" baba aliuliza siku moja. "Kuku amekula kitunguu?"

"Sufuria ndiyo inanuka kitunguu."

Wakacheka, naye akaletewa mkate.

Sasa jioni moja bibi alichota kijiko cha viazi vilivyopondwa akakipeleka mdomoni kwa Bonge. Bonge aligeuza uso, akakisukuma kijiko kwa mgongo wa mkono, akasema kwa sauti kubwa, "Tunguu!"

Nyumba nzima ilicheka. Baba alicheka mpaka akapaliwa na maji. Lilikuwa neno la nne la mtoto, baada ya mama, baba na paka.

"Mmesikia?" bibi alisema. "Mtoto anataka kitunguu. Mwili wake unadai, ninyi mnamnyima."

"Kweli, mama?"

"Nimelea sita, mkwe wangu. Mpe anachotaka."

Basi mama akaongeza kitunguu kwenye viazi, kwenye maharage, kwenye mboga. Bonge akasema tunguu, mama akaongeza tena. Bibi alitaka kitiwe hata kwenye uji, lakini mama akakataa kabisa.

"Uji wa kitunguu, mama? Majirani watatuhama."

Kadiri vitunguu vilivyoongezeka ndivyo Bonge alivyozidi kukataa, na kadiri alivyozidi kukataa ndivyo alivyozidi kupiga kelele, "Tunguu! Tunguu!" Kitu alichokifungulia mdomo bila ubishi kilikuwa mkate uliochovywa kwenye chai, ule aliokuwa akiula dada yake.

Mkaguzi aliyaona haya kwa karibu kuliko wote, kwa sababu mtoto alikuwa mapajani mwake. Aliuona ule mgongo wa mkono. Alijua kwamba Bonge haombi kitunguu. Kwa Bonge, tunguu maana yake ilikuwa "sitaki, ondoa." Lugha ile aliifundishwa na yeye.

Shuleni alimweleza mwenzake wa dawati moja.

"Si useme tu?" mwenzake alimwambia.

"Nikisema, mkate wangu umekwisha."

"Kwa hiyo mdogo wako akonde ili wewe ule mkate?"

"Hakondi. Anarefuka."

"Anarefuka kama uzi wa mama yako! Na wewe mwenyewe jana umesinzia kwenye hesabu, ukadondosha kalamu mara tatu. Mnarefuka wote?"

Mkaguzi alinuna, wakamaliza mapumziko bila kusemezana. Jioni alikusudia kusema. Lakini sahani zilipowekwa, harufu ya vitunguu vya kukaanga ilimjaa puani, na neno lililomtoka lilikuwa lile lile la siku zote.

Jumamosi mama alimpeleka Bonge kliniki, Mkaguzi akibeba mfuko wa nguo. Chumba cha kupimia kilikuwa na madirisha mawili, benchi refu na mzani wa kuning'inia uliofungwa kwenye boriti. Bonge alivalishwa kaptura ya turubai ya mzani, akaning'inia huku miguu ikipiga hewa. Nesi alisoma mshale, akasoma kadi, akamtazama mtoto, akarudi kwenye kadi.

"Huyu ndiye Bonge?"

"Ndiye," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Miezi miwili iliyopita alikuwa kilo kumi na gramu mia tisa. Mwezi uliopita kumi na mia nne. Leo ni kumi kamili." Nesi aliweka kidole kwenye kadi. "Kilo kumi peke yake haziniogopeshi, Mama Bonge. Kinachoniogopesha ni huu mstari. Ulikuwa unapanda, sasa unateremka. Ameharisha? Amepata homa? Dawa ya minyoo alipewa?"

Mama alijibu yote. Hakuharisha, homa hakuwa nayo, na dawa alipewa.

"Basi mlete baada ya wiki mbili. Akiwa ameshuka tena, namwandikia barua ya hospitali, na huko wanaweza kumlaza."

Mama alikaa kwenye benchi. Mkaguzi aliona mikono yake, ile mikono inayotunga uzi kwenye sindano bila kutazama, ikishindwa kufunga kifungo cha shati la mtoto.

"Anakula nini?" nesi aliuliza.

"Nesi, huyu anadai vitunguu tu. Naweka vitunguu vingi kuliko mboga yenyewe, halafu hali."

Nesi alitoa ndizi mbivu kwenye mkoba wake, akaimenya na kumsogezea Bonge kipande. Bonge alikisukuma kwa mgongo wa mkono. "Tunguu!"

"Hii ni ndizi," nesi alisema. Akamtazama mama. "Kwenu ndizi inaitwa kitunguu?"

"Hapana."

"Basi nani nyumbani husema neno hili, na hulisema wakati gani?"

Mkaguzi alitazama sakafu. Angeweza kukaa kimya, kwani hakuna aliyekuwa akimtazama. Mdogo wake alikuwa amechoka kulia, kichwa kimelala begani kwa mama, na shingo yake ilionekana nyembamba kuliko shingo ya mtoto yeyote kwenye lile benchi.

"Ni mimi," alisema. "Haombi kitunguu. Anakataa. Mimi nikikataa chakula nasema kina kitunguu, na yeye amedhani ndivyo watu wanavyokataa. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza!" mama aliruka. "Na mimi nakaanga vitunguu mpaka machozi yamenikauka? Wewe mtoto wewe!"

"Mama Bonge, utamkemea nyumbani," nesi alisema. "Hapa amesema kitu ambacho mzani wangu usingekisema. Wewe binti, kitunguu kinakudhuru? Kinakuvimbisha mdomo, kinakuwasha?"

"Hapana."

"Hata ukikila sasa?"

"Sijakila tangu nikiwa na miaka sita."

"Sogea." Nesi alimvuta ukope wa chini kwa kidole. Ndani palikuwa pamepauka, hapana wekundu. "Chai na mkate?"

"Umejuaje?"

"Jicho limenieleza. Chai ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili kupata madini ya chuma ya kutengeneza damu. Na wewe nakuandikia vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku."

Kisha akawaeleza namna ya kula. Sufuria iwe moja kwa wote. Mkate na chai visiletwe saa ya chakula. Mtu asimbembeleze mtoto, asimkimbize na kijiko, asimcheke. Sahani ikae nusu saa, kisha iondolewe bila ugomvi. Dada aendelee kumpakata, lakini yeye ndiye aanze kula.

"Ule kama mtu anayekula, si kama mtu anayemeza dawa," nesi alisema. "Atautazama uso wako. Na kila kitu ukimpa, kitaje jina lake. Amekosea neno moja, mpe mengine."

Nyumbani baba aliyasikia yote akiwa amesimama. Mkaguzi alingoja kufokewa. Baba alikuna kidevu.

"Muhuri, muhuri," alisema. "Mimi ndiye niliyeufanya mchezo."

"Na mimi nikajifanya mkalimani wa lugha nisiyoijua," bibi alisema.

Jioni hiyo palikuwa na viazi, mayai na mboga za majani, vyote vimeungwa kwa kitunguu, kiasi cha kawaida. Mkaguzi alitia kijiko cha kwanza mdomoni. Kilimkaa kwenye ulimi. Alimwona Bonge akimtazama kutoka chini, macho kodo. Akatafuna, akameza. "Hiki ni kiazi," alisema. Akala cha pili. "Hili ni yai."

"Tunguu," Bonge alisema.

Hakuna aliyecheka. Baba aliuma shavu kwa ndani, lakini hakucheka. Nusu saa ikapita, sahani ya Bonge ikaondolewa ikiwa haijaguswa.

Siku ya nne Bonge aliunyakua mkono wa dada yake kijiko kikiwa njiani, akala kiazi. Siku ya sita Mkaguzi alirudi kutoka shuleni amechoka, akaisukuma sahani kabla hajafikiri. Bonge akaisukuma ya kwake papo hapo, na kwa siku mbili hakula kitu mezani. Mkaguzi hakuhitaji kuambiwa. Hakuisukuma sahani tena. Maharage aliyameza kwa shida wiki nzima, wiki iliyofuata kwa shida kidogo, na wiki ya tatu akagundua kwamba anaongea na bibi huku anakula na hajui amekula vijiko vingapi.

Wiki mbili zilipotimia, mzani ulisoma kilo kumi kamili. Hakuongezeka, lakini hakushuka. "Barua siandiki," nesi alisema. "Endeleeni." Wiki ya tano alikuwa amepanda kidogo. Wiki ya nane mashavu yalianza kuonekana. Wiki ya kumi na moja mshale ulisimama kwenye kilo kumi na gramu mia tisa, pale pale alipokuwa kabla mambo hayajaharibika. Mama alimwinua Bonge kutoka kwenye mzani akambusu tumbo.

Jioni Mkaguzi alimpa baba kadi, akasimama akingoja asifiwe.

"Umefanya kazi nzuri," baba alisema. "Umekula usichokipenda, siku baada ya siku, na mdogo wako amepona. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kaa hapa uelewe. Kutopenda chakula si kosa kubwa. Hata mimi kuna vyakula sivipendi. Kosa ni kukisingizia kitunguu, na kosa kubwa zaidi ni kunyamaza ukiona mtoto anaumia kwa sababu ya uongo wako. Ungesema jioni ile ya kwanza, tungecheka na ingekwisha hapo hapo. Hukusema. Sasa tuhesabu, usije ukadhani ilikuwa bure."

Alichukua chaki ya mama ya kuchoria vitambaa, akaandika juu ya meza, mstari chini ya mstari, huku akisoma.

"Mdogo wako amepoteza gramu mia tisa. Alizipoteza kwa miezi miwili, kuzirudisha kumechukua wiki kumi na moja. Mmekwenda kliniki mara tano, na siku hizo tano cherehani haikuzunguka. Wateja wawili wa mama yako wamehamia kwa mshonaji mwingine, mpaka leo hawajarudi. Wewe umemeza vidonge sabini na saba."

Akageuza kadi, akamwonyesha mahali ambapo ule mstari wa zamani ungefika kama usingeteremka.

"Na hapa ndipo Bonge alitakiwa awe leo. Kilo kumi na moja na gramu mia saba. Yeye ana kumi na mia tisa. Toa."

Mkaguzi alitoa kichwani. "Gramu mia nane."

"Andika," baba alisema, akampa chaki. "Hizo bado hatujazipata."